Nguzo ya Ngazi Haizikwi Ndani ya Saruji

Ndugu zangu wenye nyumba na mafundi wenzangu, jambo hili nimelisema mahali pengi na leo nalirudia: nguzo ya mbao inayosimama nje haizikwi ndani ya saruji.

Baada ya masika yaliyopita, shangazi yangu wa Tanga aliniita nikaitazame ngazi ya uani, kwa sababu mkono wa ngazi ulikuwa ukiyumba kila alipoushika. Rangi ilikuwa mpya, ya kijani, inang'aa. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameongeza misumari mitatu, akapaka rangi, kisha akasema mbao zimezeeka. Niliichoma nguzo kwa bisibisi pale inapoingia ndani ya saruji ya sakafu, nayo ikazama bila kutumia nguvu. Nilipoichomoa, ilitoka na unga wa kahawia uliolowa, unaonuka uyoga. Shubiri moja juu ya hapo, mbao ilikuwa ngumu kama siku ilipopasuliwa. Ni mbao ile ile moja ya mvule.

Sasa niambieni, uzee uko wapi hapo? Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu haistawi katika mbao kavu, yaani yenye unyevu ulio chini ya asilimia 20. Ukiizika nguzo, mbao ikikauka husinyaa, ukabaki mwanya mwembamba kati yake na saruji, mvua ikaingia humo na kukosa pa kutokea. Na ncha iliyokatwa, ambako mirija ya mti imeachwa wazi, hunyonya maji haraka kuliko ubavu. Najua atainuka mtu aseme mvule hauozi. Mvule unastahimili sana, lakini si kusimama majini mwaka mzima. Mwingine atasema bila saruji nguzo itayumba. Haitayumba ikikaa kwenye kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, kilichofungwa sakafuni kwa bolti, kinachoiinua ncha yake kama sentimita 3 ili upepo upite chini.

Kwa shangazi tulikata sehemu iliyooza pamoja na kipande cha mbao iliyoonekana nzima, kwa kuwa kuvu hutangulia mbali kuliko jicho linavyoona, tukaunga mvule mpya nusu kwa nusu, yaani kila kipande kimepunguzwa nusu ya unene ili vilaliane, tukaubana kwa bolti mbili, na ncha tukainywesha dawa ya mbao mpaka ikakataa.

Muda umenibana, hivyo vipandio nitavipitia haraka. Viinamishwe kidogo kwa mbele ili maji yasituame. Kipandio kipya kiwe na unene sawa na vya zamani, maana mguu huzoea kimo kimoja na hujikwaa kinapobadilika. Na sisi wa pwani tutumie skrubu zisizoshika kutu. Nafasi kati ya fito za mkono wa ngazi isifike sentimita 10, kwani mtoto hupitisha mwili, kichwa kikanasa. Mchwa nitawaacha, wanahitaji siku yao.

Atakayerudi nyumbani leo achome chini ya nguzo zake kabla hajanunua kopo la rangi. Kiatu cha chuma nilichokitaja nimekuja nacho. Kiko hapa mezani, njooni mkishike.