Maziwa ya Mbuzi Yakikutana na Kostiki

(Mhadhara kwa vikundi vya wafugaji wa mbuzi wa maziwa, Mgeta, Morogoro. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, habari za asubuhi. Vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumzie sabuni ya maziwa ya mbuzi na mitishamba, kisha tuhamie zile meza za nyuma tuitengeneze. Basi hapa nitasema yale ambayo mtu akishashika mwiko hana tena nafasi ya kuyasikiliza.

Habari za mbuzi sina cha kuwafundisha. Mbuzi wa Kinorwe waliletwa huku na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine miaka ya 1980, baridi ya Uluguru ikawakubali, na leo wengi mliokaa hapa mnajua kukamua kuliko mimi. Kinachowasumbua ni kwamba maziwa hayasubiri. Masika yakikolea, barabara ya kushuka Morogoro mnaijua wenyewe. Sabuni inasubiri. Iliyotengenezwa vizuri inakaa mwaka mzima kabatini, na kila wiki inazidi kuwa ngumu.

Ila tuelewane mapema: maziwa kwanza ni ya mtoto, kisha ya chai, kisha ya mtindi wa kuuza. Sabuni ni ya ziada, na ziada hiyo si lazima iwe kubwa. Lita moja tu inatosha vipande zaidi ya 40 vya gramu 100. Anayewaambia mpeleke maziwa yote kwenye sabuni hajapiga hesabu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Kwenye matangazo mtasoma kwamba maziwa ya mbuzi yana asidi ya laktiki inayolainisha ngozi, na kwamba pH yake, yaani kipimo cha uasidi, inakaribiana na ya ngozi, kwa hiyo na sabuni yake iko hivyo hivyo. Maneno matamu. Ngozi yetu ina pH kama 5, maziwa mabichi yana 6 na nusu hivi, mpaka hapo hakuna ubishi. Lakini sabuni haiwi sabuni bila kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na kostiki haimwachi mtu alivyokuwa. Ile asidi ya laktiki ikikutana nayo inageuka chumvi papo hapo. Sabuni iliyokomaa, iwe ya maziwa, ya maji au ya tui, inakaa kwenye pH ya 9 mpaka 10. Ukijaribu kuishusha mpaka 7 inavunjika, mafuta yanajitenga na unabaki na uchafu mtupu. Kwa hiyo mtu akikuuzia sabuni ya mche aliyoichemsha kwa kostiki, halafu akaandika kwenye karatasi kwamba pH yake ni sawa na ya ngozi, muulize aliipimaje.

Je, maziwa yanapotea bure? Hapana. Chukueni mfano wa kilo moja ya mafuta, ambayo tunaiwekea gramu 330 za maziwa. Humo ndani mna sukari ya maziwa kama gramu 15, na sukari ndiyo inayoongeza povu. Hata wasiotumia maziwa huwa wanatia sukari kidogo ya dukani kwa sababu hiyo. Mna mafuta ya maziwa kama gramu 12, ambayo sehemu kubwa inageuka sabuni kama mafuta mengine. Na mna protini, ambazo kostiki inazikatakata lakini haizimalizi, na ndizo zinazolipatia povu lile uzito wa malai. Tukigawa, kipande kimoja cha gramu 100 kina mafuta ya maziwa yasiyofika gramu moja. Ni kidogo, na kazi yake inaonekana kwenye povu. Ila upole wa sabuni hautoki huko. Upole unatoka kwenye mizani.

Andikeni basi. Mafuta ya nazi gramu 300, mawese gramu 400, alizeti gramu 200, nyonyo gramu 100. Nazi inaleta povu jingi na kusafisha, mawese yanaleta ugumu, alizeti inaleta ulaini, nyonyo inalishika povu lisikimbie. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya nazi inakula gramu 0.183. Mawese yanakula 0.141, alizeti 0.135, nyonyo 0.128. Zidisheni, jumlisheni, mtapata gramu 151 na kidogo. Hizo zingemaliza mafuta yote. Sisi tunapunguza asilimia 5, tunaweka gramu 143, ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa. Hayo yaliyobaki ndiyo yanayomfanya mteja asitoke bafuni ngozi imemkauka.

Sasa mtu anasema, nazi imepanda bei, wacha niweke alizeti mahali pake, kostiki ile ile. Hebu tuone. Gramu 300 za alizeti zinahitaji kostiki gramu 40 na nusu, wakati nazi ilihitaji karibu 55. Kikapu kizima cha mafuta sasa kinahitaji gramu kama 137, na wewe umetia 143. Gramu 6 hazina pa kwenda. Zitakaa ndani ya sabuni, na zitamngoja mtoto wa watu. Ndiyo maana sikubali kipimo cha kikombe wala cha kijiko kwenye kazi hii. Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja ndiyo chombo cha kwanza kununua, kabla ya kalibu ya kumiminia, kabla ya muhuri wa jina lenu.

Chombo cha pili niseme msichotumia: sufuria zetu za alumini. Kostiki inaila alumini, inachemka, inatoa gesi inayoshika moto. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma cha pua. Glavu, miwani, mikono mirefu, na watoto nje. Ikikurukia, maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, bila kupaka siki wala ndimu.

Sasa maziwa yenyewe, hapa nitakaa. Kostiki ikiingia kwenye maji ya kawaida, yanapanda joto mpaka nyuzi 80 au zaidi bila moto wowote chini. Fanya hivyo kwa maziwa na sukari yake inaungua mbele ya macho yako: yanakuwa manjano, kisha rangi ya machungwa, kisha kahawia, na inapanda harufu ya banda lisilofagiliwa. Harufu hiyo inapungua sabuni ikikomaa, rangi haipungui. Dawa yake ni kugandisha. Mimina maziwa kwenye vikombe vidogo usiku, weka kwenye friza, asubuhi una mabonge ya barafu. Yatie kwenye ndoo, ndoo ikae ndani ya beseni la maji baridi, kisha kostiki inaingia kijiko kimoja kimoja. Kostiki inaingia kwenye maziwa. Kinyume chake ni marufuku. Koroga, subiri, tia tena. Barafu inayeyuka taratibu, maziwa yanabaki meupe au yanaingia rangi ya krimu. Yataanza kuwa mazito na vipunje vipunje, msiogope, ni mafuta ya maziwa yameanza kugeuka sabuni. Yapitisheni kwenye chujio la plastiki, kwa sababu punje ya kostiki isiyoyeyuka ikijificha humo, mtaikuta kwenye kipande kimoja kati ya vyote na hamtajua ni kipi.

Asiye na friza anayo njia. Kostiki gramu 143 iyeyushwe kwenye maji gramu 150 pekee, iachwe ipoe kabisa. Maziwa gramu 180 yaliyobaki yatiwe kwenye mafuta yaliyoyeyushwa na kupoa, yachanganywe vizuri, ndipo maji ya kostiki yafuate. Mimi naipenda njia hii kuliko ya barafu, ingawa kostiki ya namna hiyo ni kali mara mbili na haitaki haraka.

Kuna mtego mmoja wa huku kwenu ambao watu wa Dar es Salaam hawaujui. Mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24, na asubuhi za Mgeta hazifiki huko. Mkichanganya yale maziwa ya barafu yenye kostiki na mafuta yaliyopoa, mchanganyiko, ambao tunauita uji, unakuwa mzito ghafla. Mnafurahi: uji umeiva! Kumbe ni mafuta yameganda tu, sabuni haijaanza hata kidogo. Mnamimina, kesho yake mnakuta maji makali yamejitenga chini ya kalibu. Mafuta yawe na joto la nyuzi 38 mpaka 40 mnapochanganya. Uji wa kweli ukiuchotea mwiko na kuudondosha juu, unaacha mchirizi unaoonekana, na ukiupasha kidogo haurudi kuwa maji.

Ukishamimina, usiifunike kwa blanketi kama sabuni nyingine. Sukari ya maziwa inaifanya ipate joto yenyewe, inaweza kupasuka katikati au kufurika. Baridi yenu hapa inawafaa. Siku moja au mbili, kata vipande, panga kwenye chanja penye hewa, wiki 4 mpaka 6. Asiuze mtu kabla ya hapo.

Mitishamba. Nitasema ukweli na baadhi yenu hamtaupenda. Majani mabichi ndani ya sabuni hayabaki kijani. Mwarobaini, mlonge, mchaichai uliokatwakatwa, yote yanaelekea kahawia. Manjano, ile ya kupikia, ndiyo inayochekesha: ukiitia inawaka nyekundu kwa ule ukali, kisha wiki zinavyopita inarudi rangi ya dhahabu iliyofifia. Kwa rangi, naichagua manjano. Mwarobaini ninautumia kwa namna nyingine: majani yakaushwe kivulini mpaka yavunjike mkononi, yalowekwe ndani ya alizeti wiki kadhaa, yachujwe, na alizeti hiyo ndiyo inayoingia kwenye kikapu. Yakiwa na maji yataozesha mafuta. Kinachobaki cha mwarobaini baada ya kostiki ni kidogo, na mteja anayekuja na upele apelekwe zahanati, asipewe sabuni.

Halafu karafuu. Pale Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha serikali kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, na majani ya mkarafuu, pamoja na mchaichai, na harufu yake hakuna asiyeipenda. Lakini mafuta ya karafuu yana tabia. Ukiyamwaga kwenye uji, unashika palepale na kuwa ugali, mwiko unasimama wenyewe. Yatieni mwisho kabisa, uji ukiwa bado mwepesi, mkoroge kwa mkono na si kwa blenda, kalibu ikiwa tayari pembeni. Na kipimo: gramu 5 kwa kilo ya mafuta, msizidishe, kwa sababu yakizidi yanawasha ngozi. Mafuta ya mchaichai ni mapole zaidi mwikoni, na mimi ningeanza nayo.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa sabuni za asili hatupendi kulitaja. Japani kulikuwa na sabuni ya uso iliyotiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa. Watu waliitumia miaka kadhaa kila siku, na zaidi ya 2,000 wakapata mzio wa ngano: mtu anakula mkate aliouzoea, anavimba macho, wengine wakakosa pumzi. Iliondolewa sokoni, kesi ikaenda mahakamani. Ngozi yenye michubuko au ukurutu inapitisha chakula kwa mlango usio wake. Sisi tunatia maziwa. Kwa hiyo neno maziwa ya mbuzi liwe kubwa mbele ya karatasi, na mwenye mzio wa maziwa, hata wa ng'ombe, mwambieni wazi asiitumie.

Maswali. Mama pale nyuma.

Anauliza kama inang'arisha ngozi. Haing'arishi, na msiandike hivyo hata mkibembelezwa sokoni. Zinazong'arisha kwa haraka mara nyingi zina zebaki au haidrokwinoni, na vyote viwili vimepigwa marufuku nchini.

Kijana anauliza habari za vibali. Sabuni ya kuogea, tangu 2019, iko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Anzieni ofisi ya SIDO mkoani, lile shirika la viwanda vidogo, wamezoea vikundi vidogo. Ila angalieni mnachoandika: ukisema inasafisha, wewe ni mtengeneza sabuni, ukisema inatibu fangasi, umejiita mtengeneza dawa, na huko utakutana na TMDA, mamlaka ya dawa.

Maziwa yaliyochacha? Yanafaa yakiwa yamechacha kidogo. Yakikatika mabonge yanaleta madoa, na ile asidi inakula sehemu ya kostiki, sabuni inatoka laini. Ya mbuzi anayeumwa kiwele, mwageni.

Na babu anauliza kama zamani mbuzi alitumika. Alitumika, ila kwa mafuta yake. Mrumi mmoja, Plinio, aliandika karne ya 1 kwamba watu wa Galia, ambako leo ni Ufaransa, walitengeneza sabuni kwa majivu na mafuta ya mnyama, na ya mbuzi ndiyo yaliyosifiwa. Walipaka nywele ziwe nyekundu. Tukichinja sikukuu ijayo, babu, tunaweza kujaribu. Mafuta ya mbuzi yanakula kostiki karibu sawa na mawese.

Kwa mtoto mchanga? Maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni hii mama aogee mwenyewe.

Haya, meza ya kwanza watu wanne, vaeni glavu na miwani. Barafu imeshatolewa kwenye friza.