Kinga Kuukuu Ina Kwao

Mhadhara uliotolewa mbele ya mafundi vijana na wapenda kinga, yaani baiskeli, katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Ba papa, ba mama, ba yaya na wadogo zangu, jambo.

Kabla sijaanza, naomba hiki chuma kipite mkono kwa mkono. Kina mafuta, mniwie radhi. Ni kitovu cha gurudumu la nyuma, chenye giya tatu ndani ya tumbo lake. Nilikikuta soko la Kenya, Kenya yetu ya hapa, chini ya lundo la mapyesi, yaani vipuri, ya pikipiki. Muuzaji alikuwa amekitumia kuzuia turubai lisipeperuke. Mwenye macho mazuri asome maandishi yaliyogongwa juu yake.

(Sauti: “Sturmey-Archer. A, W. Halafu hamsini na saba.”)

Asante, mama. Sturmey-Archer ni kiwanda, AW ni jina la aina hiyo, ilianza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Hamsini na saba ni mwaka kilipotoka kiwandani, 1957, wakati mji huu ungali ukiitwa Élisabethville. Kimewapita umri wengi wenu humu, na nilipokifungua nikakiosha kwa mafuta ya taa kilizunguka bila kulalamika. Hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Kinga kuukuu ina kwao, na kwao kumeandikwa ndani ya chuma chenyewe. Fundi asiyejua kusoma maandishi hayo ataiua kinga huku anadhani anaitibu.

Mimi niliua moja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, aliniachia kinga yake ya Kiingereza nibadilishe gololi za katikati, pale ekseli ya pedeli inapopita. Kikombe cha kushoto, kile kinachoshika gololi, kilifunguka. Cha kulia, upande wa mnyororo, kikakataa. Nikatia spana, nikaizungusha kushoto kama tunavyofungua kila nati duniani. Wapi. Nikachomeka bomba la maji la mita moja kwenye mkono wa spana, nikapanda juu yake kwa miguu miwili. Kikasogea robo mzunguko, nikashangilia. Nikapanda tena. Safari hii nikasikia tak! Mdomo wa fremu ulikuwa umepasuka kama muhogo uliokaukia juani. Kumbe muda wote nilikuwa nakaza.

Yaya hakunipiga. Alinyamaza wiki mbili, na huko kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

Kinga ya Kiingereza, upande wa mnyororo, ina hesi, ile michirizi ya skrubu, ya kinyume. Ukitaka kufungua, unazungusha kulia. Si ukaidi wa Waingereza. Chukueni kalamu, kila mmoja. Ishikeni kwa kulegeza ndani ya ngumi ya kushoto, halafu kwa mkono wa kulia ichukueni ncha yake muizungushe duara, ikisugua kingo za ngumi. Mnaona? Mkono unakwenda kulia, kalamu yenyewe inajipindua kushoto. Ndivyo kinavyofanya kikombe chenye gololi. Ekseli inazunguka upande mmoja, kikombe kinatambaa polepole upande wa pili, nywele kwa nywele, kilometa kwa kilometa. Hesi ya kinyume hukifanya kijikaze badala ya kujifungua. Ni sababu hiyo hiyo pedeli ya kushoto, kwenye kinga yoyote ile, ina hesi ya kinyume.

Sasa Wafaransa wa zamani na Waitaliano waliweka hesi ya kawaida pande zote mbili, na ndiyo maana kikombe chao cha kulia kinapenda kulegea njiani. Vipimo navyo havifanani. Cha Kiingereza ni inchi 1.37 na mizunguko 24 kwa inchi. Cha Kifaransa ni milimita 35, mzunguko mmoja kila milimita. Cha Kiitaliano ni milimita 36. Na Raleigh, kiwanda cha Kiingereza, kwa kuwa walikuwa wakubwa na kiburi kilikuwepo, kwa miaka mingi walijikatia hesi yao peke yao, mizunguko 26 kwa inchi.

Geuzeni ile inchi 1.37 kuwa milimita, mtapata 34.8. Tofauti na Mfaransa ni sehemu mbili za kumi za milimita. Jicho haliioni. Kikombe kigeni kinaingia mzunguko mmoja, kinaingia wa pili, kinaanza kuwa kigumu, na hapo utasikia ule wimbo wa soko: “Itaingia tu!” Ndiyo, itaingia. Itaingia ikiwa imekula hesi ya fremu, na fremu haina mapyesi. Fremu ndiyo kinga yenyewe.

Basi utajuaje kwao, wakati rangi imepakwa mara tatu na jina limefutika? Hesabu spoki. Waingereza kwa muda mrefu walitia 32 mbele na 40 nyuma. Nchi nyingine za Ulaya zilitia 36 na 36. Ndiyo maana vijana wananiletea rimu nzuri yenye matundu 36 na kitovu cha 40, wananiomba niviunge. Hakuna fundi wa kuziunga hizo, hata akiwa mchawi. Kisha pima ile pini ya krenki, ule mkono wa pedeli. Ya Kiingereza ni milimita 9.5, ya Kifaransa ni 9. Kalipa, kile kipimio cha milimita, hata ya plastiki inatosha. Kuna watu wana simu tatu mfukoni na hawana kalipa.

Matairi nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayokula pesa zenu nyingi. Neno “inchi 26” lisikudanganye. Kuna tairi la 26 kwa 1 na 3/8, la kinga za mjini za zamani, linalokaa juu ya rimu ya milimita 590. Kuna 26 kwa 1.75, la kinga za mlimani, na rimu yake ni 559. Wote wanaitwa ishirini na sita, hawavaliani nguo. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, 37-590, 47-559. Ile ya pili ndiyo ukweli. Zile kinga ndefu nyeusi za freni (breki) za vyuma, ambazo babu zetu walikuwa nazo na Wahindi na Wachina wakaendelea kuzitengeneza, ni 635.

Nikiwa bado kwenye matairi. Dunlop alipata hati ya tairi lake la upepo mwaka 1888, na dunia nzima ikaanza kulilia mpira. Wakati huo nchi hii ilikuwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na watu wa misitu ya Équateur yetu walikatwa mikono kwa sababu ya mpira huo. Siwaambii ili mzichukie kinga. Nawaambia kwa sababu kuna watu bado wanasema kinga ni kitu cha bazungu, sisi ni wageni kwake. Sisi tulikuwemo tangu tairi la kwanza, na tulilipa.

Turudi kwenye kazi. Watu wengi wanabadilisha rimu ya 635 kuweka ya 622, kwa sababu matairi yake yanapatikana kwenye kinga za okazioni, yaani mitumba, kutoka Ulaya. Inawezekana. Lakini rimu inashuka milimita 6.5 kila upande, na freni za vyuma hazifanyi kazi tena, kwa sababu zenyewe zinavuta kuelekea juu na kubana rimu kwa ndani, upande unaotazama kitovu. Rimu mpya haina uso huo. Inabidi ubadilishe freni zote, utafute zenye mikono mirefu zinazobana ubavuni. Faida yake utaiona mvua za Januari, kwani raba juu ya chuma chenye nikeli kilicholowa ni sawa na kuomba dua, lakini juu ya alumini inashika.

Na kupanua fremu ya nyuma ili kitovu kipana kiingie? Chuma kinavumilia. Alumini haivumilii, usijaribu.

Nimeulizwa na papa mmoja hapo nje, mpenzi wa vitu vya zamani, kama si dhambi kuchomelea vyuma kwenye kinga ya mwaka 1950. Nilimjibu nitakavyowajibu ninyi. Nendeni alfajiri kwenye barabara ya Kasenga mkawatazame watu wa makala, yaani mkaa. Magunia yamepanda kupita kichwa cha msukumaji. Uma wa mbele umeongezewa ferabeto, zile nondo za zege, pande mbili, kutoka ekseli hadi karibu na usukani. Karia, kibebeo cha nyuma, imetengenezwa upya, miguu yake imeshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma ili mzigo usikae juu ya mabomba membamba. Huyo aliyechomelea hakusoma chuo cha uhandisi, lakini amejua mzigo unapita wapi. Kwangu mimi, kinga ile ina heshima kuliko ile iliyong’arishwa ikatundikwa ukutani kwenye baa.

Sharti langu ni moja, moto. Fremu nyingi za zamani ziliungwa kwa shaba ya njano, kwa joto la wastani. Ukija na umeme wa kuchomelea mageti, bomba linaungua, halafu linavunjika pembeni ya mshono baada ya miezi miwili, na utasema chuma kilikuwa kibaya. Ukiona kibandiko cha Reynolds 531, weka chini vifaa, ongea na mwenye kinga. Huo ni mchanganyiko wa chuma wa mwaka 1935, bomba lake jembamba kuliko unavyodhani. Hiyo si ya makala. Mwuzie mtu wa mbio, ununue nyeusi mbili.

Kile kitovu kimefika wapi? Nirudishieni. Mtu mmoja wa makala alikuja kwangu analalamika kwamba kinga yake ni nzito hata ikiwa tupu. Nikatazama, ina kitovu cha namna hii, waya wa giya ulikatika zamani. AW ikikosa waya inabaki giya ya tatu, ile ya kasi, ambayo inaongeza theluthi moja. Mtu alikuwa anapanda kilima na giya ya kushukia! Nikakivuta kile kimnyororo kidogo kinachotoka kwenye ekseli mpaka mwisho, nikakifunga kwa waya wa chuma kwenye bomba la fremu. Giya ya kwanza, robo tatu ya ile ya kati. Kwa meno 46 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli ulikuwa unamtupa mita saba na nusu hivi. Sasa ni kama mita nne. Hakulipia pyesi hata moja. Akaja siku ya pili na gunia la makala, mama watoto akafurahi.

Lakini atakayekirudishia waya, aangalie sana nafasi kati ya giya ya pili na ya tatu. Hapo katikati pana utupu, pedeli inazunguka bure, na ukiwa umesimama juu yake utakutana na bomba la juu kwa sehemu ambayo sitaitaja mbele ya ba mama. (Kicheko.) Weka giya ya pili, chungulia kwenye tundu la nati: bega la kile kijiti chenye kimnyororo lilingane na mwisho wa ekseli. Kisha tia mafuta mepesi. Grisi humo ndani, hapana, vijino vinanata.

Sasa pini. Hii kinga hapa mbele inatetemeka mguu wa kushoto, mnasikia, tok, tok, kila mzunguko. Pini imeliwa. Nimeleta mpya ya 9.5, lakini uso wake bapa haulingani na ekseli, lazima tuupitishe tupa kidogo kidogo, tukijaribu, mpaka ikae. Na iingie ikielekea kinyume cha mwenzake, la sivyo krenki hazitanyooka na mpandaji atachechemea kama kuku. Mwenye nguvu aje ashike kipande cha mti chini ya krenki nikigonga, ili gololi zisipate kipigo. Wewe, mdogo, uliyekaa mwisho. Njoo. Na nani ana tupa bapa? Yangu nimeisahau nyumbani.