Umehamisha Tovuti, Mtandao Bado Unakuonyesha ya Zamani? Fanya Hivi

Habari zenu, karibuni. Leo tunashughulikia kero ya wenye tovuti. Umehamia seva mpya, kila kitu umekipanga, lakini ukifungua nyumbani unaona ukurasa ule ule wa zamani. Mwenzako wa mtandao mwingine anauona mpya. Mara nyingi anayekuchelewesha ni kache, yaani nakala au jibu lililowekwa akiba njiani ili lisifuatwe mbali kila mara.

Usikimbilie VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine kwa njia iliyofungwa. Kwanza tujue akiba hiyo iko wapi. Fungua tovuti yako kwenye dirisha fiche la brauza (Incognito). Ukiona mpya, tatizo liko kwenye kifaa chako: futa akiba ya brauza, kazi imeisha.

Bado? Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data ya laini ya kampuni nyingine. Ikija mpya, basi tumgeukie mtoa huduma wako wa intaneti.

Hapa twende polepole. Tazama anwani ya tovuti. Ikianza na http isiyo na s, mtoa huduma anaweza kuwa na seva ya katikati inayohifadhi kurasa zenyewe na kuwagawia wateja. Ikiwa ni https, mawasiliano yamefungwa, kurasa hawezi kuzihifadhi. Hapo mshuku DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva. Kila jibu la DNS lina muda wake wa kuishi, unaitwa TTL, unahesabiwa kwa sekunde. Ukiona 86400, hiyo ni siku nzima. Na zipo seva zinazong'ang'ania jibu hata muda huo ukipita.

Tupime. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika nslookup, acha nafasi, andika jina la tovuti yako, bonyeza Enter. Isome namba ya chini kabisa. Sasa rudia, ila mwishoni acha nafasi na uongeze 8.8.8.8, ambayo ni DNS ya Google. Kama namba zimetofautiana na hii ya pili ndiyo ya seva yako mpya, umempata anayekupa jibu la zamani. Usipimie YouTube au Facebook. Tovuti kubwa hutoa namba tofauti kwa makusudi, zitakuchanganya bure.

Dawa yake ni kubadili DNS. Kwenye Android 9 na kuendelea, ingia Mipangilio, tafuta DNS ya faragha, andika dns.google. Nasisitiza hiyo ya faragha kwa sababu ipo mitandao inayonasa maswali ya kawaida ya DNS na kuyajibu yenyewe, hata kama umeandika 8.8.8.8.

Ikigoma, sasa washa VPN. Chagua seva ya nchi ya karibu, kisha ufungue tovuti kwenye dirisha fiche. Kurasa na maswali ya DNS vyote vinapita ndani ya njia iliyofungwa, kwa hiyo akiba ya mtoa huduma inarukwa.

Ukishahakikisha, izime. YouTube na Netflix huweka seva zao ndani ya mitandao ya watoa huduma ili video itoke karibu; VPN inaweza kukuzungusha mbali na bando likaisha haraka. Epuka pia VPN za bure usizozijua, kwa sababu mwenye VPN anaona unakokwenda. Na kwa walioko Tanzania, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, kwa hiyo fuatilieni utaratibu huo kwanza.

Wageni wa tovuti yako huwezi kuwaambia wote wawashe VPN. Safari ijayo, siku mbili kabla ya kuhama, shusha TTL hadi 300, na seva ya zamani iache ikiwaka siku kadhaa baada ya kuhama.