Aliyaandika Lini? Namna ya Kusoma Vitabu vya Waliokuwa Ndani ya Serikali

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea. Wanivumilie, maana jambo lenyewe bado halijasikika. Kila serikali yenye misukosuko inapoanguka, na mara nyingi hata kabla haijaanguka, vitabu huanza kumiminika: msemaji aliyefukuzwa, waziri aliyejiuzulu, mshauri aliyegombana na bosi wake. Nasi wasomaji tunauliza swali moja tu: huyu alikuwa karibu na mkubwa kiasi gani? Swali hilo halitoshi hata kidogo. La kwanza liwe hili: haya anayotusimulia aliyaandika lini?

Mchukueni John Dean. Watergate mnaifahamu, ile kashfa ya watu kuvunja na kuingia ofisi za chama pinzani mwaka 1972, kisha Ikulu ikajaribu kuifunika; sitairudia kwa kirefu. Dean alikuwa mwanasheria wa Ikulu ya Marekani chini ya Rais Nixon, na Juni 1973 alikaa mbele ya kamati ya Seneti akasoma maelezo ya kurasa 245. Hakuwa na shajara. Alijikumbusha kwa kupitia vipande vya magazeti: akiona habari ya siku fulani, anarudisha fikra siku hiyo alikuwa wapi, na nani, wakasemezana nini. Alieleza mazungumzo kwa undani uliowafanya waandishi wa habari wamwite kinasa sauti chenye miguu miwili. Wiki chache baadaye ikafichuka kwamba kinasa sauti cha kweli kilikuwepo, kimefichwa ofisini mwa rais. Kwa hiyo tukapata kitu adimu mno: kumbukumbu za mtu wa ndani, pamoja na kanda ya mazungumzo yaleyale.

Mwanasaikolojia Ulric Neisser aliviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu, akachapisha utafiti wake mwaka 1981. Tazameni kikao cha 15 Septemba 1972, siku ambayo watu saba walifunguliwa mashtaka ya uvunjaji ule. Dean alisema kwamba rais alimkaribisha aketi, akamwambia Bob, yaani Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, amekuwa akimpa taarifa, kisha akamsifu kwa kazi nzuri. Naye akajibu kwamba hawezi kujitwalia sifa peke yake, kwani kuna wengine waliofanya mambo magumu zaidi. Sikilizeni kanda sasa. Nixon hakumkaribisha aketi. Habari ya Bob kumpa taarifa haimo. Jibu lile la unyenyekevu Dean hakulitoa. Sifa zipo, ila zinakuja baadaye katika mazungumzo na kwa maneno mengine.

Kikao cha 21 Machi 1973 alikikumbuka vizuri zaidi, na sababu yake iko wazi: siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na hotuba ya kumwambia rais, na alikuwa ameiandaa. Yaliyokaa barabara kichwani mwake ni maneno yake mwenyewe. Na hata hapo, yale mazungumzo ya dola milioni moja za kuwalipa washtakiwa, yaliyofanyika siku hiyo, katika ushahidi wake aliyasogeza nyuma hadi 13 Machi.

Najua kuna mtu amekwisha kusema moyoni, basi Dean alikuwa mwongo. Hapana! Hilo ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote. Neisser mwenyewe alionyesha kwamba kwenye kiini cha mambo Dean alikuwa sahihi: rais alijua, uficho ulikuwepo, pesa zilijadiliwa. Kilichoharibika ni maneno, mfuatano, tarehe, na nafasi ya Dean mwenyewe, ambayo kichwani mwake ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa chumbani. Mwamba ngozi huvutia kwake, na mara nyingi huvuta bila kujijua. Na kumbukeni, kati ya kikao kile cha Septemba na ushahidi ilikuwa imepita miezi tisa tu. Sasa mwandishi anayetupa ukurasa mzima wa majibizano, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, miaka sita baada ya kikao, ameyatoa wapi?

Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza, fungua kurasa za mbele utafute mwandishi anasema ametumia nini: shajara, madaftari ya mikutano, barua pepe, au kichwa chake. Asiposema, hesabu kwamba ni kichwa. Kisha soma na penseli. Nukuu ndefu kuliko sentensi mbili isiyo na daftari nyuma yake ichukulie kuwa muhtasari, usiirudie mahali popote kama maneno halisi ya aliyenukuliwa. Pembeni mwa kila tukio andika "aliona" au "aliambiwa". Hapa wasomaji wengi huteleza, kwa sababu vitabu hivi huchanganya mambo hayo mawili ndani ya aya moja: mwandishi yuko mkutanini, mkutano unakwisha, anatoka, lakini masimulizi yanabaki chumbani kana kwamba na yeye kabaki. Mwulize kila mara ulikuwa wapi dakika hiyo.

Mtaniambia, sasa tusiamini chochote? Aminini kilichoandikwa mapema. Richard Crossman, waziri katika serikali ya Harold Wilson kule Uingereza, alikuwa akizungumza shajara yake kwenye kinasa sauti mwishoni mwa wiki, mambo yakiwa bado moto. Na haikuwa yake peke yake! Barbara Castle, aliyejua hatimkato, alikuwa akiandika humohumo kwenye vikao. Tony Benn, aliyeingia Baraza la Mawaziri mwaka 1966, naye alikuwa na shajara yake. Watu watatu kwenye meza moja hadi 1970. Fungua tarehe moja katika shajara zote tatu: pale zinapoafikiana, una jambo la kushika, pale zinapopishana, umejua nani alikuwa akigombana na nani.

Crossman alifariki mwaka 1974, na serikali ikaenda mahakamani kuzuia juzuu ya kwanza ya shajara yake. Mwaka 1975 Jaji Mkuu Widgery alikataa kutoa zuio, kwa hoja kwamba mambo ya takriban miaka 10 nyuma yameshapoa. Mwaka uliofuata kamati ya Radcliffe ikapendekeza mawaziri wasubiri miaka 15 kabla ya kufichua ya Baraza la Mawaziri.

Hilo linatuleta kwenye ukaguzi, nami nitalipita haraka. Watumishi wengi wa usalama Marekani husaini ahadi ya kupeleka mswada ukaguliwe kabla ya kuchapishwa. Frank Snepp wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, hakuupeleka. Kitabu chake juu ya kuanguka kwa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kilitoka 1977. Serikali haikudai kwamba ndani yake kuna siri yoyote. Hata hivyo mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru mapato yake yote yaende serikalini, kwa sababu alivunja ahadi. Victor Marchetti, wa CIA vilevile, aliupeleka. Kitabu chake cha 1974 kilitoka kikiwa na nafasi 168 zilizoachwa tupu. Nafasi tupu ni msaada kwa msomaji, kwa kuwa unaona wazi pamekatwa wapi. Kinachosumbua ni kitabu kilicholainishwa kimyakimya, sentensi moja ikabadilishwa na nyingine isiyosema kitu.

Halafu angalia mwandishi aliondokaje. John Bolton alipoacha kazi ya mshauri wa usalama wa taifa Septemba 2019, Trump alisema amemtaka ajiuzulu, Bolton akasema yeye ndiye aliyejitolea kujiuzulu. Kama hata mlango wa kutokea una masimulizi mawili, soma sura za mwisho kwa uangalifu maradufu, maana ndizo zinazoandikwa na kidonda. Kitabu chake kilitoka Juni 2020, miezi michache kabla ya uchaguzi. Jaji alikataa kukizuia, kwa kuwa zaidi ya nakala 200,000 zilikuwa zimeshasambazwa.

Na angalia kiti, yaani cheo alichokalia mwandishi. Henry Kyemba alikuwa waziri wa afya wa Idi Amin hadi alipokimbia mwaka 1977, akachapisha kitabu mwaka huohuo, Amin akiwa bado madarakani. Waziri wa afya anajua hospitali. Anaposimulia habari za Dora Bloch, mateka wa ile ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, aliyechukuliwa kutoka Hospitali ya Mulago Julai 1976, yuko ndani ya eneo lake la kazi. Anaposimulia ya kambi za jeshi, muulize nani kamwambia.

La mwisho. Alastair Campbell, msemaji wa waziri mkuu wa Uingereza Tony Blair, alichapisha shajara zake za miaka ya Blair Julai 2007, siku chache baada ya Gordon Brown kuwa waziri mkuu, akakiri kwamba ugomvi wa Blair na Brown ameupunguza ili asiwape wapinzani silaha. Brown alipoondoka mwaka 2010, juzuu kamili zikaanza kutoka. Chukueni toleo la 2007 na juzuu hizo, mfungue tarehe ileile, na mpige mstari chini ya kila sentensi iliyokuwa imeondolewa.