Keki ya mvuke ya Kichina: huhitaji oveni

Asalaam aleikum wapendwa, hamjambo? Hapa Yiwu, China, ni saa mbili usiku, huko nyumbani najua ni saa tisa alasiri. Leo napika fagao, ndiyo hiyo keki ya mvuke, na ninampikia hasa mdogo wangu wa Tanga, anayependa keki lakini kila siku ananiambia, "Dada, mimi oveni sina." Mdogo wangu, jikoni kwangu hapa pia hakuna oveni. Nyumba nyingi za Wachina hazina, na keki wanakula. Wanapika kwa mvuke.

"Fa" ni kuumuka, na hiyo hiyo "fa" ni kufanikiwa, kupata mali. Ndiyo maana Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia fagao haikosekani. Mkoa wetu huu wa Zhejiang una ile maarufu ya Longyou, ya mchele, nyeupe laini, ukiiona utasema mkate wa kumimina. Ila ile ya asili hutiwa mabaki ya pombe ya mchele na mafuta ya nguruwe, basi mimi siigusi. Hii ya ngano nimefundishwa na jirani yangu, ayi wa ghorofa ya chini. Ayi ndiyo kama mama mdogo kwetu.

Unga gramu 300, sukari vijiko vinne vya chakula, hamira kijiko kimoja cha chai, maziwa ya vuguvugu mililita 270. Iliki nimeongeza mwenyewe, siwezi kuiacha. Koroga mpaka uwe mzito kama unga wa kaimati. Ona, ukiinua mwiko unateremka taratibu, haukatiki.

Sasa angalieni hili tunda. Linaitwa hongzao. Wengi wetu huku tunaliita tende ya Kichina, lakini si tende hata kidogo, ni ndugu wa kunazi! Kunazi zile zile tulizokuwa tukiokota utotoni, ila hizi ni kubwa, nyekundu, ganda limekunjamana. Loweka robo saa, toa kokwa, katakata. Na hizi za kijani ni zabibu za Turpan, kule Xinjiang, wanazikausha kivulini katika vyumba vya matofali ya udongo vyenye matundu ya kupitisha upepo, ndiyo maana rangi yake haipotei. Zipanguse maji, zipake unga kidogo zisizame chini. Wewe huko tia tende na zabibu za dukani, inatosha kabisa.

Paka chombo mafuta, mimina mpaka nusu, funika, uache uumuke. Kwa baridi ya hapa nimekiweka juu ya maji ya moto saa nzima na zaidi. Kwa joto la Tanga usiende mbali, utaumuka mapema. Ukishapanda karibu maradufu, panga matunda juu.

Mimi nina kikapu cha mianzi cha kupikia kwa mvuke. Wewe chukua sufuria kubwa, fudikiza bakuli la bati ndani, tia maji yasifike juu ya bakuli, weka chombo chako hapo. Mfuniko ufunge kwa kitambaa, maana matone ya mvuke yakiidondokea keki inakuwa na madoa ya majimaji. Maji yakichemka, hesabu dakika 35.

Na hapa naomba mnisikilize. Usifunue! Mara ya kwanza nilifunua dakika ya kumi, nikaiona imevimba vizuri, nikafurahi. Mbele ya macho yangu ikanywea, katikati ikabaki ngumu kama ugali uliolala. Nilisikitika sana siku ile. Hata ukizima moto, subiri dakika tano ndipo ufunue.

Bismillahi... Oneni! Shikeni hapa, yaani tazameni kidole changu: nabonyeza, inarudi. Ndani matundu matundu, na hongzao imelainika, imeachia utamu wake pembeni. Iliki ndiyo inayonukia kwanza.

Ngoja nimpelekee ayi kipande chake kingali cha moto.