Petroli, Mfereji na Mussolini

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mataifa ya Magharibi yanavyomkabili mtawala wa mabavu anapoivamia nchi ya watu. Nitawarudisha mwaka 1935, Ethiopia. Nyaraka za wakati ule zimeshafunguliwa, na yaliyosemwa faraghani tunayajua.

Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba majeshi ya Benito Mussolini, mtawala wa Italia, yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea, iliyokuwa koloni la Italia, bila hata kutangaza vita. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, chombo cha kulinda amani kilichotangulia Umoja wa Mataifa na kilichokuwa na makao Geneva, tangu 1923, na mkataba wa Shirikisho ulisema kwamba anayemwendea mwanachama mmoja kwa vita amewafanyia vita wote. Siku nne tu baada ya uvamizi, Geneva ikatamka kuwa Italia ndiyo iliyovunja mkataba. Novemba 18 vikwazo vikaanza kazi. Mpaka hapo, mtu angesema dunia imesimama na mnyonge.

Sasa tuisome orodha ya vikwazo vyenyewe, kwa sababu ukweli wote umo humo. Silaha zilizuiwa. Mikopo ilizuiwa. Bidhaa za Italia zisinunuliwe. Mpira na bati visipelekwe Italia, wala farasi, nyumbu, punda na ngamia. Mafuta hayakuwemo. Makaa ya mawe hayakuwemo. Jeshi lililoingia Ethiopia kwa malori, vifaru na ndege lilinyimwa punda, likaendelea kuuziwa petroli. Mimi kila nikiisoma orodha ile napata hasira, na sioni sababu ya kuwaficha.

Uingereza na Ufaransa, wakubwa wa Shirikisho, walijitetea kwamba Marekani haikuwa mwanachama wa Shirikisho; wao wakizuia mafuta, Wamarekani watauza. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, maana mauzo ya mafuta ya Marekani kwenda Italia yaliongezeka kweli. Lakini Mfereji wa Suez haukuhitaji ruhusa ya Washington. Uingereza ilikuwa na askari wake Misri. Meli za Mussolini zilipita Port Said zimejaa askari na mabomu, zikalipa ushuru wa njia, zikaendelea na safari hadi Massawa, bandari ya Eritrea. London ikasema mkataba wa 1888 unataka mfereji uwe wazi kwa meli zote, hata wakati wa vita. Kilichowafunga mikono hasa, kwa maoni yangu, kilikuwa kingine: Aprili mwaka ule ule, pale Stresa, mji wa Italia, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekaa meza moja na Mussolini zikitafuta mshirika wa kumzuia Hitler. Nchi ya Waafrika ilionekana bei inayolipika.

Ushahidi ukavuja Desemba. Magazeti ya Paris yalichapisha mpango wa siri wa Samuel Hoare, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Pierre Laval, waziri mkuu wa Ufaransa: Italia ipewe sehemu kubwa ya Ethiopia, Ethiopia nayo iachiwe kinjia chembamba cha kufika baharini. Wananchi wa Uingereza walikasirika sana. Kumbukeni kwamba miezi michache nyuma zaidi ya watu milioni 11 nchini humo walishiriki kura ya maoni, na wengi mno waliunga mkono vikwazo vya kiuchumi dhidi ya mchokozi. Hoare akajiuzulu. Mafuta hayakuzuiwa hata baada ya hapo.

Wakati wao wanajadiliana, ndege za Italia zilikuwa zinamwaga gesi ya haradali, sumu inayounguza ngozi na mapafu, juu ya askari, vijiji na mito, ingawa Italia yenyewe ilikuwa imeridhia itifaki ya 1925 inayoikataza. Addis Ababa ikaanguka tarehe 5 Mei 1936. Juni 30 Mfalme Haile Selassie akasimama Geneva. Waandishi wa habari wa Italia walimpigia miluzi na kumzomea. Alisubiri mpaka walipotolewa nje, kisha akaeleza kwa Kiamhari jinsi sumu ile ilivyokuwa ikiwanyeshea watu wake na mifugo yao. Akawauliza wajumbe awapelekee wananchi wake jibu gani. Jibu lilikuja upesi: ndani ya Julai vikwazo vikaondolewa.

Na yule mshirika wa kumzuia Hitler je? Machi 1936, vita ikiwa bado inaendelea, Hitler aliingiza jeshi Rhineland, eneo la Ujerumani lililokatazwa na mikataba kuwekwa jeshi, bila kuzuiwa na yeyote. Kabla mwaka haujaisha Mussolini alikuwa upande wake. Paul Schmidt, mkalimani wa Hitler, ameandika kwamba mwaka 1938 pale Munich Mussolini alikiri kuwa kama Shirikisho lingezuia mafuta, angelazimika kuondoka Ethiopia ndani ya wiki moja.

Gharama ilifika mpaka huku kwetu. Julai 1940 Waitaliano, wakitokea Ethiopia hiyo hiyo waliyoachiwa, waliiteka Moyale ya Kenya. Mwaka uliofuata vijana wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walipelekwa kupigana huko, na Novemba 1941 walikuwa miongoni mwa waliopanda milima ya Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, kuing'oa ngome ya mwisho ya Italia. Petroli iliyoachwa nje ya orodha ile ililipiwa na hao pia.

Nakaribisha maswali.