Upanga Ukiwa Bado Alani

Wazee wangu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliokuja na mifuko yenu ya dadu, asanteni sana kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie mapigano katika michezo ya uhusika, ile inayochezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Nitayazungumzia, lakini nitapitia kwenye undugu, ugeni na aibu kwanza, maana miaka yote niliyocheza nimeona jambo moja: pambano linaloshika roho za watu mezani huwa limeshaiva kabla upanga haujatoka alani.

Kwa asiyewahi kucheza, watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Anaeleza dunia na kuwasemea wote waliomo, kuanzia mfalme hadi muuza maji. Kila aliyebaki ana mhusika wake, ambaye nguvu na ustadi wake vimeandikwa kwa namba kwenye karatasi. Unasema mhusika wako anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu inaamua. Hivyo tu.

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Ulizaliwa kutokana na michezo ya vita, ile ya kupanga vikosi vya askari wadogo wa sanamu juu ya meza. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza kanuni za kupigana zilikuwa nene na kanuni za mahusiano zilikuwa haba. Askari wa sanamu hana mama wala shemeji. Hajala chumvi ya mtu. Ukimwangusha, unamrudisha sandukuni.

Waandishi wenyewe walianza kuona pengo hilo. Mwaka 1975 waliongeza paladini, mpiganaji mtakatifu mwenye miiko, na vitabu vya 1978 vikaikaza miiko hiyo kwelikweli: akitenda ovu kwa kujua, upaladini unamtoka papo hapo na haurudi tena. Nia ilikuwa njema. Lakini nimekaa kwenye meza ambako miiko ya namna hiyo iligeuka mtego wa panya. Msimulizi anakuwekea mateka asiyeaminika: ukimuua umetenda ovu, ukimwachia ataleta jeshi usiku. Basi jioni nzima watu wazima wanabishana kama wanasheria, na mwenye paladini anarudi nyumbani akiwa amenuna. Kilichokosekana pale ni mtu ambaye huyo paladini alimpenda. Alikuwa na sheria ya kuvunja, lakini hakuwa na uso wa mtu ambaye angeshindwa kuutazama baada ya kuivunja.

Sisi wenyewe tunasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hatusemi kwamba muungwana havuliwi nguo. Anavuliwa, na watu wanamwona. Uungwana wake ni kile anachofanya hapo. Miiko ya mezani ingeandikwa kwa roho hiyo, isingemtega mchezaji. Ingemuuliza swali, kisha ikakaa kimya kumsubiri ajibu.

Mchezo uliolifahamu hili kuliko mwingine wowote niliocheza ni Pendragon wa Greg Stafford, uliotoka mwaka 1985. Unahusu manaiti wa Mfalme Arthur wa Uingereza ya hadithi. Naiti ni mpiganaji wa farasi aliyekula kiapo kwa bwana wake. Karatasi ya mhusika ina jozi 13 za tabia: huruma na ukatili, ukarimu na uchoyo, ukweli na hila, unyenyekevu na majivuno, ushujaa na woga, na kadhalika. Kila jozi jumla yake ni 20. Huruma ikipanda hadi 13, ukatili unashuka hadi 7. Ni nadra mno kupata mtu asiye na ukatili kabisa. Kuna mwenye ukatili wa 7.

Chini yake kuna mambo ya moyoni: utii kwa bwana, upendo kwa familia, ukarimu kwa mgeni, chuki, mapenzi, na heshima yenyewe. Nayo yana namba. Ukimshambulia asiye na silaha, ukikimbia vita, ukitoa ushahidi wa uongo, namba ya heshima inapungua, na bei ya kila tendo unaijua kabla hujalitenda. Hapo msimulizi hana la kubishana na mtu. Unaweza kutenda baya na ukaendelea kucheza, ila utalibeba.

Sasa tazameni jinsi moyo unavyoingia vitani. Unapigana kumtetea bwana wako? Unaweza kurusha dadu ya pande 20 dhidi ya utii wako. Ikiangukia namba ya utii au chini yake, moyo unawaka na ustadi wako wa upanga unapanda kwa 10, ongezeko la kutisha. Ikizidi, majonzi yanakuangukia katikati ya vita. Na ukirusha vibaya kuliko vyote, wazimu unakupanda, mhusika anakimbilia porini, na karatasi yako inakwenda mikononi mwa msimulizi. Nawaomba mlitafakari hilo. Mwandishi huyu aliamua kwamba nguvu kubwa ya vitani itoke kwenye upendo, na upendo huohuo uwe mlango wa kuangamia. Sijaona kanuni ya mchezo iliyonigusa zaidi ya hiyo.

Wapo wengine waliofika karibu. Katika Legend of the Five Rings, uliochukua mengi kutoka kwa samurai wa Japani, watu wawili husimama wakitazamana bila kusogea, na mara nyingi pigo moja linamaliza kila kitu. Tena huwezi kuingia pambano la kufa na kupona bila ruhusa ya bwana wako. Vincent Baker naye, katika Dogs in the Vineyard wa 2004, alitengeneza ngazi: ugomvi unaanza kwa maneno, unaingia kwenye kusukumana, unafika kwenye ngumi, halafu bunduki. Unaposhindwa kwa maneno, unaweza kukubali yaishe, au upande ngazi na kupata dadu mpya. Uhusiano nao umeandikwa kwa dadu. Unayebishana naye akiwa ndugu yako, dadu za undugu huo zinaingia mezani. Hivyo swali la mchezo mzima linakuwa: jambo hili linafaa kumpigia risasi ndugu yako? Nimewaona watu wakiishika ile penseli muda mrefu bila kusema kitu.

Mniruhusu sasa niwapeleke sebuleni kwangu.

Tulikuwa wanne, tukicheza Pendragon, mimi nikiwa msimulizi. Mpwa wangu alikuwa na naiti kijana, upendo wake kwa familia 17, ukarimu kwa mgeni 15. Mwaka uliotangulia, ndani ya mchezo, kaka wa naiti huyo aliuawa na jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Usiku wa dhoruba, mtu amelowa anabisha hodi. Wanamfungulia, wanampa mkate na mvinyo, anakula. Ameshashiba ndipo anavua kofia ya chuma na kutaja jina lake. Ni yule muuaji.

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, umenionea."

Nikamwambia, "Sijakulazimisha lolote. Yuko hapo kwenye kiti chako, amekula chakula chako. Mama yako anamtazama."

Kanuni inasema mambo mawili ya moyo yakigongana, yote mawili yanarushiwa dadu, na lililofanikiwa kwa namba ya juu zaidi ndilo linalotawala. Alizishika dadu hadi kiganja kikalowa jasho. Akazifuta kwenye suruali, akazishika tena. Familia: 6. Imefanikiwa. Ukarimu: 13. Imefanikiwa, na imeipita ya kwanza. Hakuna aliyepumua.

Mgeni akalala salama. Asubuhi naiti akamsindikiza mwenyewe hadi mwisho wa ardhi yake, akavuka hatua moja nje ya mpaka, akageuka, akamwambia achomoe upanga.

Pambano lilichukua dakika kama tano za saa ya ukutani. Upanga nao unafuata kanuni ileile: wote wawili wanarusha, aliyefanikiwa kwa namba ya juu ndiye anayepiga, na aliyefanikiwa kwa namba ya chini bado anapata kinga ya ngao yake. Mzunguko wa tatu mgeni akapata jeraha kubwa, akaanguka, akaomba aachiwe uhai wake. Huruma ya naiti ilikuwa 9, namba ya kati isiyomburuta mtu upande wowote. Nilikuwa tayari kumwambia arushe. Mpwa wangu akaisukuma dadu pembeni. "Namchukua mateka," akasema. "Watu wake walete fidia."

Kazi ilikuwa kurudi nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa namsemea mama wa naiti, na mama yule hakugomba. Aliuliza tu, "Ulikula naye?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamlaza kitanda cha nani?"

Mpwa wangu hakuwa amelifikiria hilo. Ndani ya nyumba ile palikuwa na kitanda kimoja kilichobaki tupu. Tulizungumza, mama na mwana, karibu saa nzima, wenzetu wawili wakisikiliza, na chai ikapoa. Alijaribu kumweleza kuhusu mgeni, kuhusu mkate, kuhusu mpaka. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akaenda kukitandika upya kile kitanda, akafunga mlango.

Mchezo huu humaliza kila mwaka wa hadithi kwa majira ya baridi, wakati wa kuhesabu mavuno, kuzeeka na kurekebisha namba. Nilikuwa bado natafuta ukurasa. Niliponyanyua macho nikamkuta mpwa wangu ameshachukua kifutio, amefuta 17 kwenye upendo wa familia na kuandika 16, kisha akahamia kwenye ukarimu kwa mgeni, akaifuta 15, na penseli yake ikabaki pale, haijaandika kitu.